Je, Kuomba Amani ni Woga? Habari za Bwana Heri wa Saadani

Katika sharika zetu za pwani, wazee wanapozungumza habari za kale, jina la Bushiri bin Salim halikawii kutajwa, na watoto wa shule nao wamekwisha kulisoma. Ndiye aliyepigana na Wadachi, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Jina la mwenzake, Bwana Heri bin Juma wa Saadani, husikiwa kwa nadra, na likisikiwa hufuatwa na neno hili: "Huyo alijisalimisha." Basi wasemao hivyo hudhani wamekwisha kukata hukumu. Mmoja alikufa, kwa hiyo ni shujaa. Mwingine aliishi, kwa hiyo si kitu. Twataka kuuliza kama hukumu hii ni ya haki. Mtu aliyeongoza watu wake vitani muda wa mwaka na nusu na zaidi, kisha akaomba amani, je, alitenda tendo la woga? Au alitenda tendo gumu kuliko lile la kupigana?

Yamkini wako watakaoshangaa kuona habari za watu hawa wawili, wasio wa dini yetu, katika gazeti la sharika. Lakini swali lenyewe ni la watu wote. Mwenye nyumba, mzee wa usharika, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji, kila aliye na watu chini ya mkono wake, atakutana siku moja na shauri hili: niendelee au niache? Na gharama ya kuendelea mara nyingi hailipwi na yule aliyekata shauri.

Saadani ni mji wa pwani, kaskazini ya Bagamoyo, ukielekea Unguja ng'ambo ya bahari. Leo ni kijiji cha wavuvi kando ya hifadhi ya wanyama, na mgeni apitaye hawezi kudhani kwamba palikuwa mahali pa nguvu. Lakini karne moja na nusu iliyopita misafara ya bara ilishukia hapo, ikileta pembe, na watumwa pia. Mwaka 1877 Alexander Mackay, mmisionari Mwingereza ambaye baadaye alijulikana sana Uganda, alifyeka njia kutoka Saadani hata Mpwapwa. Mwaka 1884 Carl Peters naye alishuka papo hapo Saadani, akaenda bara kuwatia majumbe mikono katika hati zake zilizokuja kuwa asili ya utawala wa Wadachi. Mwenye mji katika siku hizo alikuwa Bwana Heri. Sultani wa Unguja alimhesabu kuwa liwali wake. Yeye mwenyewe alijihesabu kuwa mwenye nchi, na kabla ya kuja Wadachi alikwisha kuyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Barghash. Alikuwa na udugu na Wazigua wa nyuma ya mji, na nguvu zake zilitoka huko zaidi kuliko baharini. Haya twayataja kwa kuwa yaeleza tofauti yake na Bushiri. Bushiri alikuwa Mwarabu mwenye shamba la miwa Pangani. Watu walimfuata kwa ujasiri wake na kwa ufasaha wake, lakini hakuwa mwenye nchi. Bwana Heri alikuwa na watu ambao hakuwachagua, nao hawakumchagua, bali waliishi pamoja kama jamaa moja waishivyo.

Mwaka 1888 Seyyid Barghash alikufa katika mwezi wa Machi, na ndugu yake Seyyid Khalifa akatawala. Tarehe 28 Aprili huyu alitia sahihi mkataba wa kuwapa Kampani ya Wadachi madaraka ya Mrima wote, tangu mto Umba mpaka mto Ruvuma, kwa muda wa miaka 50, watawale na kutoza ushuru kwa jina lake. Watu wa Mrima hawakuulizwa. Majumbe na madiwani waliokuwa wakipokea ada zao tangu zamani hawakuulizwa. Wenye mashamba hawakuulizwa, bali waliambiwa walete uthibitisho wa mali waliyoachiwa na baba zao. Katikati ya Agosti Kampani ilishika miji. Pangani ilipata mtawala kijana, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, na yasimuliwa kwamba watu wake waliingia msikitini na viatu miguuni, na mbwa pamoja nao. (Nyundo huyu aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akiwa mkuu wa jeshi lililodhani Wahehe si kitu.) Hata Septemba pwani yote ilikuwa imeinuka. Huko Kilwa Wadachi wawili waliuawa, na haukupita muda Kampani ilibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa ulinzi wa mizinga ya manowari.

Je, vita vile vilikuwa vya haki? Sisi twaona ya kuwa sababu yake ilikuwa ya haki. Mtu aliyeuziwa nchi yake bila kuulizwa ana neno la kusema. Martin Luther, katika kitabu chake cha 1526 kuhusu askari na wokovu wao, alimlaumu sana yule aanzaye vita, na kumwachia yule anayeshambuliwa haki ya kujikinga. Wala hatuoni kwa nini mtu wa Pangani au wa Saadani atolewe katika kanuni hiyo. Lakini sababu njema haiyasafishi yote yatendwayo kwa jina lake. Tarehe 13 Januari 1889 nyumba ya watawa wa Kibenediktini huko Pugu ilishambuliwa. Watawa watatu waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka hata walipokombolewa. Mwezi ule ule Arthur Brooks wa London Missionary Society, akitoka bara kwenda pwani, aliuawa pamoja na wapagazi wake karibu na Saadani, yaani katika nchi ya Bwana Heri. Hata kama mkono uliotenda haukuwa wake, ilikuwa nchi yake, na mwenye nchi huulizwa yanayotendwa njiani mwake.

Tusinyamaze wala juu ya mambo ya upande mwingine. Askofu Smythies wa UMCA aliposhuka Pangani mwisho wa mwaka 1888, watu wenye hasira walitaka kumdhuru, naye Bushiri akasimama mbele yao akamlinda mgeni yule. Huko Bagamoyo Bushiri aliwaachia mapadre wa misheni amani yao, na Padri Etienne Baur aliweza kwenda na kurudi kati ya pande mbili. Maelfu ya watu wa mji na wa vijiji walikimbilia shamba la misheni, wakakaa chini ya minazi na miembe, Mwislamu na Mkristo na asiye na dini, kwa kuwa mabomu ya manowari hayakupiga pale na watu wa Bushiri hawakuingia pale. Sisi twapenda kuwakumbuka wale waliokaa chini ya miembe. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama apenda vita au hapendi.

Hapa imetupasa kusema neno juu ya utumwa, kwa kuwa Wadachi walisema wamekuja kuuondoa. Katika Januari 1889 bunge lao huko Berlin lilitoa mark 2,000,000 kwa kazi hiyo, na watu wengi wa makanisa ya Ulaya walifurahi, wakidhani ni vita vya kuwafungua wafungwa. Ni kweli kwamba shamba la Bushiri lililimwa na watumwa, na ya kwamba Saadani ulipata faida kwa kuuza watu. Jambo hili hatuwezi kulipunguza, maana katika sharika za pwani wamo watu ambao bibi zao walipita njia ile ya Saadani na Bagamoyo wakiwa na kamba shingoni. Lakini Wadachi walipokwisha kuitwaa nchi hawakuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1922, wao walipokwisha kuondoka na Waingereza kushika nchi. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba upande mmoja ulikuwa wa nuru na upande mwingine wa giza. Tena wale watumwa waliobeba baruti na chakula kwa ajili ya pande zote mbili, na wengine kupewa bunduki, hao ndio walioulizwa kidogo kuliko wote.

Mtu aliyesoma habari za nje ataona jambo hili si la kwetu peke yetu. George Washington, aliyeyaongoza majeshi ya Marekani tangu 1775, alipigana ili nchi yake isitozwe kodi na bunge isilolichagua, na huku shambani kwake kulikuwa na watumwa. Alipokufa mwaka 1799 walihesabiwa 317 katika shamba lake la Mount Vernon. 123 kati yao walikuwa mali yake mwenyewe, na katika wasia wake aliagiza waachwe huru baada ya mkewe kufa. Watu wake humsifu, na sifa nyingine ni za haki. Lakini twaona ajabu kwamba sifa yake iliyo kubwa haikutoka katika kushinda. Alishindwa mara nyingi. Katika usiku mmoja wa Agosti 1776 aliwavusha askari wake wapata 9,000 mto wa New York, akawakimbia Waingereza gizani, na hakuna mtu leo amwitaye mwoga kwa ajili ya usiku ule. Na vita vilipokwisha, tarehe 23 Desemba 1783, alikwenda mjini Annapolis akawarudishia wakuu wa nchi madaraka ya jeshi waliyompa, akaenda zake nyumbani. Yeye aliweka silaha akiwa mshindi. Kuweka silaha ukiwa umeshindwa ni jambo jingine, nasi twarudi Saadani.

Katika mwaka 1889 Wadachi walimtuma Hermann Wissmann pamoja na askari Wasudani waliotoka Misri, na wengine waliotoka Msumbiji, ambao watu waliwaita Wazulu. Tarehe 8 Mei aliivunja boma ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Tarehe 6 Juni Saadani ulipigwa kwa mizinga na kutekwa. Julai ikawa zamu ya Pangani na Tanga. Tangu siku zile watu wawili hawa walifuata njia mbali mbali, na katika mwachano huu ndipo tunapoliona jambo letu.

Bushiri alikwenda bara, akaipiga boma ya Wadachi ya Mpwapwa, kisha akawaita Wambunga, ambao watu wa pwani waliwaita Maviti, wamsaidie. Hao hawakuwa na shauri na Mrima. Walikuja kwa nyara. Katika Septemba na Oktoba walipita katika vijiji vya Uzaramo nyuma ya Bagamoyo, wakachoma na kuteka, na wakulima wakakimbia pwani kwa maelfu. Fikirini, ndugu: yule aliyeanza kupigana kwa sababu nchi ilikuwa imetwaliwa, sasa aliwaleta wageni wailaze nchi ile ile. Katika Oktoba Wambunga walipigwa huko Yombo, wakarudi kwao. Bushiri alibaki na watu wachache, akitangatanga, na mwisho jumbe mmoja alimkamata na kumtoa kwa Wadachi. Husemwa kwamba jumbe yule alikuwa msaliti. Hatutaki kumtetea. Lakini mtu akiuliza kwa nini katika nchi nzima hapakupatikana wa kumficha, asisahau vijiji vya Uzaramo.

Hatusemi haya ili kumvunjia Bushiri heshima. Alisimama mbele ya mauti bila kuinama, na waliomnyonga hawakuwa na haki juu yake kuliko nguvu waliyokuwa nayo. Twasema tu kwamba kufa vizuri ni jambo moja, na kuwatunza watu ni jambo la pili; na mtu aweza kulipata la kwanza bila la pili.

Bwana Heri hakwenda mbali. Mji wake ulipochomwa alirudi nyuma kidogo tu katika nchi ya Uzigua, akajenga boma ya magogo mahali paitwapo Mlembule, kati ya vichaka vizito. Mwisho wa Desemba 1889, wakati Bushiri amekwisha kuzikwa, Wadachi waliishambulia boma ile wakarudishwa nyuma kwa hasara. Haikuwatokea mara nyingi katika vita vile. Katika Januari 1890 Wissmann alikuja mwenyewe na mizinga na watu wengi, akaitwaa. Bwana Heri akajenga boma nyingine, Palamakaa, na hiyo nayo ikatwaliwa katika Machi. Hakukamatwa. Angeweza kwenda mbele zaidi, na kujenga ya tatu na ya nne. Njia za Uzigua alizijua, na ujasiri alikuwa nao.

Lakini watu wake walikuwa na njaa. Waliokuwa bomani hawakuwa askari tu. Walikuwamo wanawake na watoto na wazee waliotoka Saadani siku mji ulipowaka moto, na tangu siku ile msimu wa kupanda ulipita na mashamba hayakulimwa. Kila mkulima ajua maana ya Machi na Aprili, wakati masika inapoanza: ghala ni tupu hata katika mwaka mwema, na asiyepanda wakati huo hatavuna. Kama vita vingeendelea mwezi mmoja tena, mwaka wa pili nao ungekuwa umepotea. Basi wasuluhishi walikwenda na kurudi, na katika Aprili 1890 Bwana Heri alitoka mwituni pamoja na watu wake, wamekonda, akaja Saadani, akajisalimisha. Hakunyongwa. Aliruhusiwa kukaa na kuujenga mji wake upya. Watu wakapata kupanda.

Sasa, je, ilikuwa woga? Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Mithali hii hutumiwa kama mzaha wa kumsifu aliyekimbia, lakini ina uzito. Yauliza kilio chaenda nyumbani kwa nani. Shujaa mwenyewe halii, amekwisha kufa. Waliao ni wengine. Bwana Yesu, katika Injili ya Luka mlango wa 14, alitaja habari za mfalme aendaye vitani, ambaye huketi kwanza na kuhesabu kama elfu kumi zake zaweza kukutana na elfu ishirini za adui, na akiona haiwezekani hutuma wajumbe kuomba masharti ya amani wakati adui yungali mbali. Bwana alikuwa akifundisha jambo jingine pale, gharama ya kumfuata. Lakini hakumcheka mfalme yule. Alimtaja kama mtu mwenye akili. Tena nabii Yeremia aliwaambia watu wa Yerusalemu watoke kwa Wakaldayo nao wataishi, na wakuu wakamshitaki kwamba ailegeza mikono ya askari, wakamtupa katika shimo la matope. Mfalme Sedekia alijua moyoni kwamba nabii asema kweli. Kilichomzuia kutoka, kama alivyomwambia Yeremia kwa siri, ni hofu ya kudhihakiwa na Wayahudi waliokwisha kutoka. Mji ukachomwa, na wanawe wakauawa mbele ya macho yake, kwa sababu mtu mmoja aliogopa kuchekwa.

Jambo hili twalitazama sana. Iko hofu ya risasi, na iko hofu ya kicheko. Mtu aweza kuishinda ya kwanza tangu ujana wake na kufa mtumwa wa ile ya pili. Bwana Heri alikuwa mtu wa fahari. Alikuwa amewapiga askari wa Sultani, akawarudisha Wadachi huko Mlembule. Kwake kutoka mwituni mchana, watu wakimtazama, na kusimama mbele ya Mdachi aliyeuchoma mji wake, lilikuwa jambo zito kuliko kupigwa risasi. Twaamini alilitenda kwa sababu ya wale waliokonda. Kama kulikuwa na sababu nyingine pamoja na hiyo, Mungu ndiye ajuaye mioyo. Lakini tendo lenyewe liliwapa watu chakula.

Liko neno kubwa la kupinga, wala si haki kulipita. Wengine watasema: amani na mnyang'anyi humpa mnyang'anyi haki. Bwana Heri alipotoka, vita vya kaskazini vilikwisha, na Wissmann akapata nafasi ya kwenda kusini. Katika Mei 1890 Kilwa ikatwaliwa. Tarehe 1 Julai mwaka ule ule Waingereza na Wadachi waligawana nchi katika mkataba wao, na Sultani akaiacha Mrima kabisa kwa malipo ya mark 4,000,000. Tangu Januari 1891 serikali ya Berlin ilitawala yenyewe, ikaja kodi, na kazi za kulazimishwa, na kiboko. Je, yule aliyejisalimisha hakuufungua mlango?

Twajibu hivi. Mlango ulikuwa umevunjwa tayari. Kilwa ingetwaliwa katika Mei au katika Agosti, na tofauti ingekuwa makaburi ya watu wa Saadani. Lakini hatusemi kwamba jibu hili latosha kwa kila vita. Ziko nyakati ambapo watu wenyewe, wakiulizwa, husema: heri tufe kuliko kuishi hivi. Watu wakisema hivyo kwa kinywa chao, sisi si wa kuwahukumu. Kosa ni pale ambapo mmoja asema hivyo kwa niaba ya wote, na yeye ana uji na wao hawana. Wala amani ile haikuwa ukiri kwamba Wadachi wana haki. Mtu aliyeshikwa na mwivi njiani akampa mfuko wake ili mtoto wake asiuawe, hajasema kwamba mfuko ni wa mwivi. Kusalimisha silaha si kusalimisha kweli, na twadhani kosa kubwa la wamisionari wengi wa siku zile, na la baadhi yetu tuliofundishwa nao, lilikuwa kudhani kwamba nchi iliyotulia ni nchi iliyokubali.

Maana Saadani haikukubali. Mwaka 1894 Bwana Heri alishika silaha tena, akiwa mzee. Hakufaulu, akavuka kwenda Unguja, na huko maisha yake yakaisha, ng'ambo ya maji yale yale ambayo mji wake uliyatazama. Tungependa habari yake iwe rahisi zaidi. Kama angeishi kwa utulivu hata kufa, tungemfanya mfano wa amani. Kama asingejisalimisha kamwe, wengine wangemfanya mfano wa vita. Hakukubali kuwa mfano wa mtu yeyote. Alipigana alipodhani yawezekana, akaacha watu wake walipokuwa wanakufa kwa njaa, akapigana tena. Mara hii ya mwisho hatuisifu, kwa maana tuliyokwisha kusema: waliochomewa mji mara moja na kuujenga upya walikuwa na haki ya kuulizwa. Walakini twakiri kwamba mtu ambaye amani yake ya 1890 ilikuwa ya woga asingethubutu kuinuka miaka minne baadaye.

Hemedi bin Abdallah, mshairi wa nchi za Tanga aliyeviona vita vile, aliandika utenzi mrefu juu ya Wadachi kutamalaki Mrima. Wanaoweza kuupata na wausome, maana ni ushuhuda wa mtu wa upande wa walioshindwa, na mashahidi wa namna hiyo ni wachache. Lakini utenzi husimulia habari za wakubwa, kama ilivyo desturi ya tenzi. Majina ya wale waliotoka Palamakaa wamekonda katika Aprili 1890 hatujayaona yameandikwa mahali popote. Waalimu na waevangelisti wanaokaa Mkange, Miono, Mkwaja na vijiji vya Uzigua, twawaomba wawaulize wazee: bibi zao waliwasimulia nini juu ya njaa ile, walikula mizizi gani mwituni, nani alirudi kupanda na nani hakurudi. Wayaandike katika daftari kwa wino, pamoja na jina la kijiji na la msimuliaji akikubali, wakayahifadhi katika sanduku la usharika.